Mke Mwenza Ndani ya Pipa

Jumamosi, 4 Machi

Nimegombana na binti yangu kwa sababu ya chupa moja ya bia.

Alikuja kunisaidia kusogeza kabati la vitambaa, maana mvua zimeanza kwa kishindo na ukuta wa nyuma umeshaota ukungu. Mimba yake ina miezi sita, nikamwambia akae kitini, kazi yake iwe kunyoosha kidole tu. Nyuma ya kabati, ndani ya soksi ya marehemu baba yake, tukaikuta. Bia nyeusi, ile kali, ya kiwanda alichofanyia kazi. Kiwanda chenyewe kimefungwa mwaka wa nne sasa.

"Itupe," akasema. "Ndiyo iliyomwua."

Nikamwambia ni chupa tu, haina meno. Basi akapandwa na hasira. Akasema na lile suala la jina nisiliguse tena. Mtoto ni wa kiume, wameshaambiwa, na mumewe amemwachia achague jina la upande wetu. "Sitampa mwanangu jina la mlevi, Mama. Kila nikimwita nitakuwa namwita nani?"

Mimi mwenyewe sijalitaja jina hilo miaka kumi na moja, na picha yake nimeilaza kifudifudi kwenye droo ya vifungo na zipu. Ripoti ya kiwanda ilisema aliingia kusafisha pipa kubwa akiwa amelewa, akafia humo humo. Aliyemtoa alisema alikuwa ananuka bia. Waliponiuliza mimi mkewe kama alikuwa mnywaji, nilisema ndiyo, kila Jumamosi. Nikatia sahihi.

Naandika haya nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Sina mwingine wa kumwambia.

5 Machi

Mvua. Chupa iko mezani. Tunaangaliana.

Jumamosi, 11 Machi

Shemeji amekuja kama kawaida yake. Si ndugu wa damu wa marehemu. Walifanya kazi pamoja kwenye mapipa miaka kumi na tisa, na ndiye aliyemtoa siku ile. Tangu hapo hajakosa Jumamosi hata moja. Ameziba paa la bati la chumba cha kushonea, kile kilichoongezwa nyuma ya jengo, ametia mafuta cherehani, amebadilisha vitasa. Ukimpa chai anainywa amesimama. Watu kama yeye hawazaliwi tena, nimewaambia wengi.

Nikamwekea chupa mbele. Alirudi nyuma hatua moja.

"Shemeji, umeitoa wapi?"

"Kwa mwenye nayo. Nataka unifundishe kuipika."

"Mbona unanitania jamani? Wewe hata mvinyo wa harusini ulikuwa unamwagia kwenye maua."

"Sitaki kuinywa. Nataka kumjua huyu mke mwenza. Nimelala naye kitanda kimoja miaka yote ile na sura sikuwahi kuiona."

Nilisema kwa mzaha, lakini sauti ilinisaliti. Nina hasira na marehemu, ukweli ndio huo. Alituacha kwa ajili ya kitu, basi na mimi nikione kitu chenyewe kinavyokuwa.

Shemeji aliiinua chupa kwenye mwanga, akatazama chini yake. Kisha akasema bia ile walikuwa hawaichuji, hamira inabaki chini ya chupa. "Imelala tu. Ukiilisha, huenda ikaamka."

14 Machi

Tumeifungua. Ilitoa pumzi ndogo, fyuu, nikashtuka kama mjinga. Shemeji alimimina ya juu kwenye glasi, akabakiza machicha ya chini, tukayatia kwenye mtungi wa maji ya kimea tuliyoyachemsha na kuyapoza. Ile ya kwenye glasi aliionja, akafumba macho, akaimaliza yote bila kunikaribisha. "Ili niikumbuke," alisema. Basi kipimo chetu sasa ni ulimi wake.

15 Machi

Hakuna kitu.

16 Machi

Hakuna kitu. Suruali tatu, mikono ya blauzi mbili.

17 Machi

Hakuna. Nimeutikisa mtungi na kuutukana kidogo.

19 Machi

Kuna povu! Jeupe, upana wa kifungo cha shati. Kitu kilichofungwa na mkono wake, kimelala gizani miaka kumi na moja ndani ya soksi yake, kimeamka na kinakula. Nilitaka kumpigia binti yangu simu. Ningemwambia nini?

Jumamosi, 25 Machi

Siku ya kupika. Mikono inanuka mpaka sasa.

Kimea cha shayiri Shemeji alikipata kwa mtu anayewauzia waokaji mikate. Kingine tulikikaanga wenyewe kwenye sufuria mpaka kikawa rangi ya kahawa. Tukakiloweka maji ya moto saa nzima, tukachuja, tukachemsha saa mbili tukitia yale maua makavu yanayoipa bia uchungu, kisha sukari tuliyoiunguza ikawa nyeusi. Shemeji anapika kama mtu anayesali. Haongei, anahesabu kwa midomo. Hamira, anasema, haitiwi mpaka maji yapoe kama ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Tukamimina kwenye pipa la plastiki, lile refu nililokuwa nawekea mabaki ya vitambaa. Lilijaa nusu tu. Juu mfuniko, na kwenye mfuniko mpira mwembamba unaoishia ndani ya chupa ya maji, hewa itoke isiingie. Tumeliweka chumba cha kushonea. Niseme vizuri: nimeliweka mimi na kijana wa duka la kando. Shemeji alisimama mlangoni. Hakuingia.

"Dirisha liwe wazi muda wote," akasema. "Na usiinamie pipa. Nasema kweli, Shemeji. Usiinamie."

Mara umeme ukakatika, na kwa wingu lile chumba kikawa giza saa tisa mchana. Nikawasha mshumaa. Kabla sijauweka chini Shemeji alikuwa ameshachukua kofia yake, yuko nje kwenye mvua kubwa, hata mwavuli hakungoja. Watu wana vituko.

26 Machi

Pipa linapumua. Mapovu ishirini kwa dakika.

27 Machi

Arobaini na nne. Nimeshona kwa mdundo wake bila kutaka.

28 Machi

Mama wa ghorofani ameteremka kuuliza ni nini kinanuka. Nikamwambia ni dawa ya ukungu. "Mbona ukungu wako unanuka kama sherehe?" Mdomo wa yule mama hauna kitasa.

30 Machi

Mwalimu aliyeagiza shati amelirudisha. Kola imempwaya, mikono inamfunika vidole. Akauliza, "Fundi, hili umemshonea nani?"

Nikafungua daftari. Vipimo vyake niliviandika sawa kabisa. Lakini mkono wangu haukukata vilivyoandikwa. Kola kumi na sita na nusu, mkono ishirini na tano, bega la kushoto limeshushwa kidogo kwa sababu alibebea magunia upande huo. Nilimkatia marehemu. Nilikata, nikashona, nikapiga pasi, nikakunja, na sikujua.

Nimemwomba mwalimu radhi. Shati nimelitundika nyuma ya mlango. Sijui kwa nini sijalifumua.

2 Aprili

Kumi na mbili kwa dakika. Yanatoka mawili ya haraka, linapumzika, linatoka moja. Marehemu alikuwa anagonga mlango hivyo hivyo, kwa pete. Leo nimeinuka mara mbili kwenda kufungua, mchana kweupe, na sindano mdomoni.

4 Aprili

Nimelijibu. Nimeliambia, "Subiri, nina kazi." Ndipo nilipogundua nimeanza kukuandikia wewe.

7 Aprili

Moja kwa dakika.

9 Aprili

Umenyamaza. Nilikuchukia ulipokuwa unagonga, na sasa chumba hakikaliki.

Jumatatu, 10 Aprili

Niandike polepole.

Nilipaswa kuihamishia bia kwenye ndoo safi na kuyaacha machicha. Shemeji aliniagiza nimngoje Jumamosi. Mimi wa kungoja? Nilifunua mfuniko peke yangu. Mvua ilikuwa inamwaga na dirisha nilikuwa nimelifunga, kitambaa cha bibi harusi kisilowe. Umeme hakuna. Nikawasha kiberiti nikakishusha ndani ya pipa nione povu limeishia wapi.

Kikazimika pale pale kilipopita ukingo.

Nikawasha cha pili. Kikazimika pale pale. Nikasema hii njiti ina unyevu. Cha tatu kiliwaka vizuri sana nje, nikakishusha, kikafa, na moshi wake haukupanda juu, ulilala. Nikainama nione kuna nini.

Nilivuta pumzi moja tu. Kitu kilinichoma puani mpaka kwenye ubongo, kifua kikagoma. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka nimekaa sakafuni na ndoo imenipindukia, na mpira wa kuhamishia bia, niliokwisha kuujaza maji na kuutumbukiza pipani, unanimwagia bia gauni zima, kichwa mpaka miguu. Nilitambaa mpaka dirishani nikalisukuma.

Mama wa ghorofani aliingia mbio kwa ule mshindo. Akanusa. Akashika kiuno.

"Jirani! Saa tano asubuhi umeshalewa chakari?"

"Sijanywa."

"Hujanywa? Unanuka kama baa, macho mekundu, unatambaa, halafu hujanywa! Haya, walevi wote husema hivyo." Akaenda kuniletea maji, huku anacheka mpaka ngazini.

Sikuwa nimeonja hata tone. Maishani mwangu sijawahi. Nilikaa pale sakafuni ninanuka bia, siwezi kusimama, na mtu mwenye akili timamu amenitazama akaniita mlevi.

Ndipo nilipokuona.

Ulikuwa ndani ya pipa lenye machicha ya bia. Ulianguka kwenye machicha ya bia. Ungenuka nini, mume wangu? Marashi?

Na mimi nilitia sahihi.

11 Aprili

Sikushona.

12 Aprili

Nimeitoa picha kwenye droo. Sikuweza kuitazama, nimeirudisha. Lakini nimeirudisha uso juu.

Jumamosi, 15 Aprili

Nilimngoja Shemeji mlangoni. Nikamkalisha, safari hii alikaa. Mezani niliweka kiberiti na mshumaa, basi. Alipoviona rangi ilimtoka.

"Kule kazini mlijuaje kama pipa lina ile hewa inayozima moto na kukata pumzi?"

Akatazama kofia yake. "Tulishusha mshumaa. Ndani ya mkebe, kwa kamba, mpaka chini. Ukiwaka, mtu anaingia. Ukizimika, tunafungua bomba la chini tunangoja nusu saa."

"Aliyekuwa anaushusha nani?"

Akausogeza mshumaa mbali naye kwa kidole.

"Mimi," akasema.

"Siku ile uliwaka?"

Alilia kabla hajajibu. Sijawahi kumwona mwanamume mzima akilia vile, mabega yanaruka. Nilimwacha. Sikumpa hata kitambaa, na kitambaa ndiyo kazi yangu.

Akaeleza. Ilikuwa Jumamosi, mapipa matatu. La kwanza alishusha mshumaa, ukawaka. La pili ukawaka. La tatu kamba ilikuwa imefanya fundo na mpira ulikuwa unaanza redioni saa kumi. Wewe ulikuwa umeshakanyaga ngazi, ukauliza kama ulivyouliza siku zote, "Vipi, inawaka?" Na Shemeji, huku anafungua fundo, akajibu, "Inawaka."

"Sikuushusha, Shemeji. Nilisema tu."

"Na ulevi?"

"Waliniuliza kama ananuka bia. Nikasema ndiyo. Kunuka alinuka, si uongo. Wakaandika alikuwa amelewa. Nikaona wameandika, nikanyamaza. Nilijiambia nitawaambia Jumatatu. Ikapita. Nikaja kwako Jumamosi nikwambie, nikakuta paa linavuja, nikaziba paa." Akajifuta kwa kiganja. "Kila Jumamosi nimekuja kukwambia."

Miaka kumi na moja. Zihesabu mwenyewe hizo Jumamosi, mimi sina nguvu.

Nikamwambia atoke. Nikamwambia vitasa vyote alivyofunga humu ndani sasa ninamfungia yeye. Alisahau kofia.

16 Aprili

Nimeitia chupani bia iliyobaki, na kijiko cha sukari kila chupa. Kumi na nne. Nilikuwa nimwage zote. Lakini hamira ilikuwa imetoka mkononi mwako.

Jumamosi, 22 Aprili

Hakuja. Vizuri.

23 Aprili

Mtu niliyemsifu mtaa mzima! Nilimtolea mfano binti yangu: ukitafuta mume, tafuta mtu kama Shemeji. Laiti ardhi ingepasuka.

Jumamosi, 29 Aprili

Alikuja, akasimama ng'ambo ya barabara chini ya mvua, kichwa wazi. Nilimtazama kupitia pazia. Saa nzima. Sikufungua.

Jumamosi, 6 Mei

Tena. Paa limeanza kuvuja juu ya cherehani.

10 Mei

Nilifikiri hasira yote ni yake. Leo nimeshona pindo la shuka mita nne, na kila mita nikajiuliza: yeye alisema neno moja la uongo akiwa na haraka ya mpira. Mimi je? Nililala na wewe miaka kumi na saba. Nilijua ulikuwa unakunywa chupa moja tu, Jumamosi, baada ya kuoga, na nyingine unamwekea mgeni atakayekuja. Nilijua. Wakanipa karatasi, nikasema "ndiyo, kila Jumamosi," kwa sababu nilikuwa na hasira kwamba umekufa. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na mjukuu mwenyewe huyo anakuja.

Jumamosi, 13 Mei

Ng'ambo ya barabara. Amekonda.

15 Mei

Binti yangu alipiga simu. Wameshapata jina, la babu wa jirani yao, mtu mwema. Nikasema, usiandike popote. Njoo kwanza Jumamosi. Akasema, "Mama, sitaki kusikia habari za Baba." Nikasema hutazisikia kwangu.

Jumamosi, 20 Mei

Nilivuka barabara mwenyewe, na kofia yake mkononi.

"Sijakusamehe," nikamwambia. "Na sijui kama nitaweza. Lakini kuna mtu ndani inabidi umwambie kwa mdomo wako. Ukipunguza hata neno, nitalisema mimi."

Akavaa kofia. Akanifuata.

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, tumbo limefika magotini. Alifurahi kumwona Shemeji, maskini, akataka kuinuka amsalimie. "Shikamoo, Baba Mdogo." Shemeji hakuitikia. Alisema yote akiwa wima, mikono nyuma: mapipa matatu, mshumaa, fundo, "inawaka." Hakupunguza. Aliongeza hata lile nisilolijua, kwamba ulipokuwa unashuka ngazi ulikuwa unamwambia umemshonea binti yako begi la shule kwa cherehani yangu nikiwa sokoni, na limepinda, na nisiambiwe.

Begi lile lipo. Siku zote nilidhani binti ndiye aliyeharibu uzi wangu.

Binti yangu hakulia. Uso wake uligeuka jiwe. "Maneno yako," akasema. "Juzi maneno yako yalisema mlevi, leo yanasema hakulewa. Nishike lipi?"

Mtu akishakudanganya mara moja, hata ukweli wake una kiraka.

Nikafungua chupa moja, si kwa sababu nilikuwa na mpango, mikono tu ilitaka kazi. Ilitoa povu la rangi ya udongo. Nikammiminia Shemeji. Akaonja, akaweka glasi chini. "Ndiyo yenyewe," akasema kwa sauti ndogo. Na hapo nikaona balaa langu: ile ya kweli aliimaliza yeye, na dunia nzima amebaki yeye peke yake wa kuniambia kama nimeipata. Mtu aliyesema inawaka.

Mimi nikaonja pia, mara ya kwanza maishani. Tamu mwanzo, kisha ladha ya sukari iliyoungua, kisha uchungu unaokaa. Basi huyu ndiye mke mwenza. Hata si mzuri kivile.

"Mama, nipe hiyo."

"Wewe huruhusiwi, na hali hiyo."

"Sinywi. Nipe."

Aliishika glasi kwa mikono miwili akainusa. Akainusa tena.

"Hii ni harufu ya Baba akirudi kutoka kazini," akasema. "Si Jumamosi. Kila siku. Jumatatu, Jumanne. Nilikuwa namrukia mlangoni, ananuka hivi hivi, halafu ananisaidia hesabu. Za kugawanya, Mama. Mlevi gani anaweza za kugawanya?"

Ndipo alipolia, na mimi nikalia, na Shemeji akalia kule mlangoni. Mama wa ghorofani akagonga sakafu yake kwa ufagio kutuuliza kama kuna msiba. Nikamjibu kwa sauti kwamba upo, ila wa zamani, tulikuwa hatujaulilia.

21 Mei

Nimeisimamisha picha juu ya cherehani. Ulikuwa na masikio makubwa. Nilikuwa nimesahau.

27 Mei

Shemeji ameziba paa. Chai aliinywa amekaa.

1 Juni

Mvua zinaisha. Nimelifumua lile shati. Kitambaa kinatosha nguo nne za mtoto.

Jumatatu, 5 Juni

Amezaliwa alfajiri. Nilifika wodini saa ya kutazama wagonjwa, nimebeba nguo nne. Amekunja uso, masikio yamesimama pembeni, hakuna haja ya kuuliza ni ya nani.

Muuguzi alikuja na fomu. "Jina la mtoto?"

Binti yangu alinitazama kwanza. Kisha akalitaja jina lako, lote, kwa sauti ya kusikika mpaka kitanda cha mwisho, na akamwelekeza muuguzi herufi kwa herufi asije akakosea. Muuguzi akaandika. Akanigeuzia karatasi.

"Bibi, wewe ni shahidi. Tia sahihi hapa."

Nililisoma lote kwanza, mara mbili. Kisha nikatia.